Bembea ya Chekechea na Uzito Wangu

Mama Lameck! Mwanangu Meshack kanikuta kwenye bembea ya chekechea!

Mjukuu wangu Erica alikuwa na maswali ya fizikia. Eti mzito na mwepesi wakibembea, huenda na kurudi kwa muda uleule. Nikamwambia, "Mwongo wewe, na mwili wangu huu?" Tukaenda kupima. Akabembea yeye, nikabembea mimi.

Muda uleule! Mama Lameck, uleule!

Ndipo mwanangu akafoka mbele ya walimu, "Mama, shuka! Umerukwa na akili! Jumamosi unahamia Kibakwe kwa shangazi ukaangaliwe."

Nimerukwa na akili! Mimi!

Nikamjibu, "Panda na hilo tumbo, Erica apime. Au unaogopa?"

Kapanda. Sasa kanasa makalio, analia, "Mama, nivute!"

Nimekaa hapa nakuandikia. Simvuti mpaka atamke, walimu wote wasikie, kwamba Kibakwe siendi.