Rangi ya Vijino

4 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepata nafuu. Mimi ni mzima, ila kazi imenibana mpaka nasahau kula.

Nina ombi. Wakubwa wa kampuni wanataka nichague bonde la kuchimba gesi, la mashariki au la magharibi. Mawe ya zamani ya mashariki yamo kwenye droo zako huko makumbusho. Naomba uvitazame vile vijino vya mnyama wa baharini vilivyoganda ndani yake, uniambie rangi. Vikiwa vya njano, mwamba haukupata joto la kutosha, gesi hakuna. Vikiwa vyeusi, ipo. Nitafuata jibu lako.

Mdogo wako


19 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mgongo unauma kama kawaida, maana makarai ya mawe hayajibebi yenyewe.

Kumbe siku hizi mimi ndiye wa kufundishwa rangi za vijino. Gazeti nimeliona. Picha yako nusu ukurasa, na kofia ngumu kichwani, unawaeleza watu jinsi viumbe vya bahari ya kale vilivyozikwa kwenye matope, vikabanwa, vikapikwa na joto la ardhi mpaka vikawa gesi. Umeeleza vizuri. Ni maneno yangu, neno kwa neno, niliyokwambia humu stoo ukiwa hujui hata kushika brashi ya kusafishia mawe. Nilisoma mara mbili nikijitafuta. Hata dereva wenu ametajwa.

Miaka ishirini na miwili nimo humu stoo, na wanaonijulia hali ni panya. Sikufichi, roho iliniuma.

Vijino nimevitazama kwa darubini. Ni vya njano.

Dada yako


2 Novemba

Dada,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya kirefu. Kuhusu gazeti, una haki. Mwandishi aliniuliza nilijifunzia wapi, nikasema chuo kikuu. Niliona aibu kutaja stoo.

Tulichimba magharibi. Miezi minne, na tumepata maji ya chumvi tu. Sasa nabanwa nieleze kwa nini nilikataa mashariki, wakati mashine yetu ilipima kipande kimoja cha mwamba wa huko ikasema gesi ipo. Nilisimama mbele ya kikao kizima nikasema mashine imekosea, kwa sababu dada yangu hakosei. Wakacheka, eti wewe ni mtunza stoo tu. Nilitoka nikabamiza mlango.

Mwisho wa mwezi wanaamua kama nibaki kazini. Naomba uandike tena jibu lile lile, utie muhuri, nikawanyamazishe.

Mdogo wako


10 Novemba

Mdogo wangu,

Sijui hata nikujulie hali vipi.

Vijino vya mashariki ni vyeusi tii. Siku ile pia vilikuwa vyeusi, na niliviona vizuri kabisa. Niliandika njano kwa kijicho. Nilitaka ukosee mara moja, mbele za watu, nione kama watakupiga picha tena. Wiki nzima nilikuwa na furaha. Juzi, nikisoma barua yako, nilipofika pale uliposema sikosei, nilikaa chini kwenye sakafu ya stoo, na wageni walinikuta hapo.

Nimemwandikia mkuu wako haya haya na kutia muhuri. Nakala nimempa mkurugenzi wangu, kwa hiyo usiniandikie tena kwa anwani hii ya makumbusho. Vijino nimevifunga kwa pamba ndani ya kichupa, wavitazame wenyewe.

Usimbishie mtu tena kwa ajili yangu. Ulikuwa na mashine iliyokwambia kweli, ukaniamini mimi.

Dada yako, kama bado unakubali niitwe hivyo