Gogo la Gurudumu

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu. Natumai magoti yamekupa nafuu na wajukuu wanakuachia walau nafasi ya kusinzia. Mimi nipo kitandani, chumba cha nyuma kwa binti yangu. Kifua kimenishinda. Daktari ameacha kunitania, nami nimeelewa. Usifunge safari kabla hujasoma mpaka mwisho, maana huenda usitake tena kuja.

Kuna jambo nimekuficha tangu ulipofiwa. Mumeo hakuondoka karakanani bila ruhusa. Nilimruhusu mimi.

Unakumbuka madereva wenzake walivyomwita Taratibu. Walisema ukimtuma akuletee daktari, watakapofika watakukuta umeshapona, unafua. Yeye alicheka tu, akalizunguka lori lake tena, akigonga matairi kwa nyundo. Mtu huyo ndiye niliyesema mbele ya wachunguzi, na mbele yako, kwamba alikuwa na haraka.

Siku ile tela lake liliingia magurudumu ya kushoto yakifuka moshi. Breki za upande huo zilikuwa zimekazwa kupita kiasi, zikisugua hata asipozikanyaga. Nilikuwa mkuu wa mafundi, mtu wa chuo, na nilijua kwamba breki hairekebishwi ikiwa ya moto, kwa kuwa chuma kilichotanuka hudanganya kipimo. Nikaingia uvunguni mwa tela, nikazilegeza zote za kushoto kabisa ili zipoe, nikikusudia kurudi kuzikaza. Wakati nikingoja nikahamia kulia, nikazirekebisha za huko vizuri.

Nilikuwa nafuta mikono mwenye kampuni alipoingia na wageni waliokuwa wakifikiria kutupa kazi kubwa. Akataka niwatembeze. Unanijua nikipata wasikilizaji. Nikawaeleza kwamba kwetu tela halisogei mpaka fundi aliyekagua breki aliondoe, kwa mkono wake mwenyewe, gogo linalozuia gurudumu. Kwamba gogo likishaondoka, dereva hana haja ya kuuliza neno. Mgeni mmoja akaomba kuona linavyofanyika. La karibu lilikuwa tela la mumeo. Nikainama, nikalivuta gogo, nikaliinua wote walione.

Taratibu alikuwa ameshakaa kwenye usukani, mdogo wake pembeni, maana ndiye aliyekuwa utingo wake. Akatoa kichwa dirishani.

"Shemeji, kushoto kumekaa sawa?"

"Kama hakujakaa, ningeondoa gogo?"

Wageni wakacheka. Naye akacheka, akaniomba radhi kwa kuuliza. Akasogea kidogo, akajaribu breki. Uwanja ulikuwa tambarare na upande wa kulia peke yake ulitosha kulisimamisha tela. Akaridhika.

Yaliyotokea kwenye mteremko unayajua. Breki za kulia ziliungua kwa kubeba mzigo wa pande zote mbili, tela likalisukuma lori mpaka bondeni. Wachunguzi waliponijia, nilisema dereva aliondoa gogo mwenyewe nikiwa na wageni. Wageni hawakuulizwa. Mwenye kampuni alinisikia nikisema hivyo, akatazama viatu vyake. Sasa naye ni marehemu.

Kwa neno langu hilo mama mkwe wako aliamini kwamba mwanawe mkubwa alimuua mdogo wake kwa pupa. Akakataa walale pamoja, wakazikwa mmoja huku, mwingine kule. Wewe ukafukuzwa, watoto mgongoni, ukaja kwangu, na mimi nikakupokea. Ulinishukuru. Kila uliponiwekea chakula mezani ulinishukuru, nami nilikula.

Nasikia bibi yule yu hai bado, na kwamba hata leo jina la mumeo halitajwi nyumbani kwake. Nakusihi umpelekee barua hii. Kama hasikii vizuri, asomewe kwa sauti, kisha asomewe tena. Wewe usinisamehe kwa kunionea huruma ya ugonjwa. Ninachotaka ni yule mama afe akijua amezaa mtu mwangalifu.

Binti yangu anakusalimu. Hajui ninachoandika, anadhani nakuandikia habari za dawa. Wasalimie wanao. Mwambie yule anayefanana na baba yake kwamba nilikuwa nashindwa kumtazama kwa sababu hiyo tu, si kwa kumchukia.

Nilikusudia kuishia hapo, nikuache ukiamini kwamba nilizisahau tu zile breki za kushoto. Nilisahau, ni kweli. Lakini nilikumbuka lori likiwa bado getini, mlinzi anahangaika na kufuli. Ningepaza sauti, shemeji angenisikia. Wageni walikuwa wamesimama ubavuni mwangu na gogo lilikuwa bado mkononi. Nikajiambia upande wa kulia utamfikisha. Geti likafunguka, Taratibu akatoa mkono dirishani kuniaga, nami nikampungia wangu.

Kaka yako