Ungo wa Kupepea Kompyuta

Mjukuu wangu Beata,

Nisamehe kuchelewa kujibu, mtoto hanipi usingizi. Tumelingana umri, ila ukoo umenipa ubibi, basi nisikilize.

Unauliza uipozeje kompyuta yako kwenye joto la Kipili. Siku moja yangu ilikuwa inazimika nikiandika ripoti ya mwisho ya chuo, na ripoti ilitakiwa jioni ileile. Mama mkwe akaacha kupepeta ulezi, akaipepea kwa ungo uleule.

“Ina homa hii. Wewe andika tu.”

Makapi yakajaa kwenye vitufe. Nikayapuliza, nikaendelea kuandika, na mkono wake haukupumzika mpaka nikamaliza. Namshukuru hadi leo.

Inyanyue juu ya matofali, tafuta ungo safi, na usione haya kuomba mtu akupepee.

Usisahau kunitumia nilivyokuagiza: sabuni ya mtoto, kitenge cha kumbebea, na dagaa wakavu. Chagua wadogo wadogo, mama mkwe meno yamemwisha.