Mashini za Goma zinatosha

Dada yangu, Yaya Masika,

Salamu nyingi kwenu Butembo. Tulipofika hapa Goma kwenye shindano la kuandika programu, tukaambiwa mashini kubwa ya kusahihisha imekufa, turudi nyumbani. Nani arudi? Watu wa Goma wamejitolea kutoa kompyuta zao zisahihishe kupitia mtandao. Programu yangu iliangukia kompyuta ya mama mmoja mwenye duka la fotokopi, hapa mtaa wa Katindo. Nikamfuata. Kompyuta yake inachapa mialiko ya harusi huku inapima programu yangu!

“Mutoto, imekataa,” akasema, akanisogezea sambaza, vile visamaki vya ziwani, vya kukaanga. Nikala, nikaandika upya palepale. Ikakataa tena.

Nikumbatie watoto. Papa akiuliza ninarudi lini, mwambie mashini imekataa programu yangu, na mimi nimekataa kurudi.

Mudogo wako, Kavira