Swali la Kumi na Moja

Jumatano. Mvua inanyesha tangu alfajiri hapa Kilwa Masoko, na nguo nilizoanua jana zimepata unyevu tena humu ndani. Nimekaa sebuleni peke yangu, naandika kwenye kompyuta ya Dada. Chai imepoa sijaigusa.

Dada Mwanaidi ameondolewa kwenye masomo.

Anasoma, yaani alikuwa anasoma, stashahada ya uzamili ya mipango ya fedha kwa njia ya mtandao. Digrii anayo tayari, ila mkataba wake wa kazi unaisha, na alishaahidiwa nafasi ya mshauri wa fedha akimaliza tu. Mwaka mzima nimemwona akitoka kazini, akila amesimama, kisha akifungua kompyuta kusikiliza mihadhara. Mtandao ukikatika anatoka nayo uani, anatafuta kona yenye mawimbi.

Mimi nimemaliza kidato cha sita, nipo nipo tu. Aliponiomba nimsaidie kazi ya mwisho, nilifurahi mno. Alitakiwa amhoji mtu wa kweli, kisha ampangie fedha za maisha yake yote. Alimchagua Bibi, mama yake Mama, anayeishi Kinjumbi. Kazini walimnyima ruhusa, nikaenda mimi na karatasi ya maswali.

Bibi alinijibu yote. Mikorosho, ufuta, hata kuku. "Mke mwenzangu," alinitania, "unavyoandika hivyo, unataka kunitoa kwenye nyumba ya babu yako?" Nilicheka mpaka kalamu ikaniponyoka.

Halafu nikafika swali la kumi na moja. Unatarajia kuishi hadi umri gani, na ukifa mali igawanywe vipi?

Sikuweza.

Unamuulizaje bibi yako hivyo, ana kwa ana, naye anakumenyea muhogo? Huyu hata safari ya kesho haitaji bila inshallah. Nilikunja karatasi nikaaga. Niliporudi nyumbani nikajaza mwenyewe: miaka themanini na mitano, mali kwa watoto wote sawa. Dada sikumwambia. Darasani pia nilikuwa hivyo, nalijua jibu na mkono siunyooshi.

Juzi mwalimu wa chuo alimpigia Bibi kuhakiki majibu. Bibi akamwambia, "Baba, nani kakutajia siku yangu ya kufa? Mimi sijasema na mtu habari hizo." Leo asubuhi barua pepe imeingia: majibu ya kughushi, masomo yamesitishwa.

Dada hakulia. Alifunga kompyuta taratibu.

"Bibi kanimaliza," alisema. "Leo anasema hili, kesho analikana. Uzee gani huo?"

"Usimseme mama yangu hivyo," Mama akamkemea.

"Basi mama yako akanitafutie kazi."

Sijawahi kumsikia akimjibu Mama namna ile. Nami nilikuwa palepale, ungo mapajani, nachambua mchele. Niliendelea kuchambua. Mchele ulishakuwa safi zamani.

Mchana, Dada akiwa kazini, Bibi amempigia simu; Mama alishamweleza yote. Dada amekataa kupokea, Bibi akanipigia mimi. Nimemwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ndogo. Leo hakuniita mke mwenzangu.

"Mwambie dada yako asinichukie," alisema. "Labda nilisema nikasahau. Kama ni umri wanaoutaka, mwalimu yule anipigie tena. Nitamtajia wowote."

Wowote.

Nilimwonea haya kumuuliza, na sasa yuko tayari kuitaja siku yake ya kufa kwa mtu asiyemjua, ili mjukuu wake asamehewe kosa langu. Na ameanza kudhani akili yake inampotea. Nikamjibu, "Haya, Bibi." Basi. Maneno mawili.

Sijui kama chuo kitamrudisha Dada. Nadhani hakitamrudisha. Sijui kama atanitazama tena. Lakini jioni akitoka kazini nitamkalisha hapa, kabla hajavua hata viatu. Nikishindwa kutamka, na najijua, nitamfungulia ukurasa huu kwenye kompyuta yake ileile.

Dada, Bibi hakusahau kitu. Swali la kumi na moja nilijibu mimi.