Bata wa jirani wamenona, Hénoc amekonda

Mpendwa Nkambo Bibiane, mushauri wa redio yetu,

Naomba msaada wako mbele ya siku ya posho, Jumamosi, maana samedi hiyo mama mukwe wangu anakuja kutoka Tshangalele na minye sijui nitamutazama kwa macho gani. Niko mama wa miaka ishirini na mine, tunakaa hapa Kikula, bwana yangu Dan anachimba kule Kambove na anarudi nyumbani mara mbili kwa mwezi, na mutoto wetu ni mumoja tu, Hénoc, ana mwaka mumoja na miezi mitatu. Mama mukwe, Mama Georgette, anakaa kwenye kijiji cha wavuvi pembeni ya ziwa, na tangu miezi mitano, kila mwezi anatutumia kopo la unga wa samaki, samaki wadogo anaowakausha juani mwenyewe, anawatwanga, anachekecha mpaka unga unakuwa laini kama poda, na kopo linafika kwa Papa Léon anayeleta samaki mujini kwa baiskeli.

Sasa mara ya kwanza nilipika uji kama tunavyopika sisi wote hapa, unga wa muhindi, sukari vijiko vinne, vanila, halafu nikatia kijiko cha ule unga wa samaki, Hénoc akaonja akatema, nikaonja minye mwenyewe nikatema pia, na kesho yake nikajaribu tena kwa kuongeza sukari ili kufunika harufu, ikawa mbaya zaidi. Nilipomusimulia dada Danielle wa kikundi chetu cha maombi, aliniambia, “Samaki wa mama mukwe, na mutoto anawatema? Haiko bule.” Nkambo, neno hilo la uchawi liliniingia na halikutoka, nikaona hata kugusa lile kopo ni hatari, nikalipeleka kwa jirani yangu Stéphanie anayefuga bata, na la pili nikalipeleka, na la tatu, na la nne. Wale bata wamenona mpaka wakitembea wanayumba, watu wanasimama njiani kumuuliza Stéphanie anawalisha nini, na juma lililopita aliniletea mayai mawili ya kunishukuru, nikayapokea huku machozi yananitoka, nikamwambia ni moshi wa makala ya jikoni.

Na kila dimanche tukitoka kanisani mama mukwe ananipigia simu kuuliza, na minye namujibu, “Mama, anakula, anamaliza kisahani.” Lakini Hénoc hali hata uji wa sukari sasa, anachukua vijiko vitatu anafunga kinywa, na kwenye kituo cha afya wamemupima mara mbili na mara zote mbili kilo zimeshuka, muuguzi akanionyesha kwa fishi yake, ile karatasi ya kilo, kwamba ameingia kwenye rangi ya njano, ya watoto waliokonda. Akaniuliza ninaweka nini kwa uji, nikaona haya, nikasema samaki, karanga na mafuta. Akaandika vyote, akasema kama mutoto anakula hivyo na anakonda basi kuna ugonjwa umejificha, anataka arudi vendredi, mbele ya samedi hiyo, wamutoe damu. Sasa kopo la tano liko nyuma ya mufuko wa makala, sijalifungua. Je, nilitupe na ninyamaze, au niseme ukweli nionekane mama mubaya? Na uji huo nitaupika namna gani ili mutoto aupende?

Ni minye, Mama Hénoc, Kikula.

*

Mama Hénoc,

Glodie, mutangazaji wetu, alinisomea barua yako mara mbili, maana minye masomo sikuyaona. Mara ya kwanza nilitaka kuvaa viatu nikufuate Kikula na mwiko mukononi. Mara ya pili nikasikia pale ulipolia mbele ya mayai ya bata, nikasema basi, huyu iko na roho, tuongee.

Nianze na samaki. Samaki hawana neno. Makopo manne ya kwanza yameliwa na bata na bata wamenona, unataka ushahidi gani mwingine? Kilichoharibu ni sukari yako. Tia vijiko vinne vya sukari kwenye sufuria ya sombe ya majani ya muhogo, ukae ule, halafu uniambie nani amekuroga. Mama Georgette hakukwambia, maana kule ziwani uji wa samaki unapikwa na chumvi, na hakuna anayeweza hata kuwaza kwamba muntu ataweka vanila. Weye nawe hukumuuliza, maana uliogopa aseme muke wa mutoto wake hajui kupika uji. Kosa lote liko hapo, kati ya yule asiyewaza na yule asiyeuliza. Halina pepo ndani yake.

Na usifikiri nakucheka. Mutoto wangu wa kwanza, Théophile, alizaliwa kule Panda, na jirani yangu alikuwa muke wa karani, anaweka sukari kwa uji mpaka nzi wanabisha mulango. Nikataka uji wangu ufanane na wake. Théophile akawa mwepesi, nikimubeba mugongoni nageuka kuangalia kama bado yuko. Mama yangu akaja, akaonja, akamwaga sufuria yote nje bila kuniambia neno, akanawa mikono, akapika. Leo Théophile iko na wajukuu na bado anagombana nao kwa ajili ya ukoko.

Sasa sikiliza mapishi. Toa kopo nyuma ya makala, ufungue, unuse. Kama ni kavu na halina ukungu, ni zuri. Weka vijiko viwili kwenye sufuria kavu juu ya moto mudogo, ugeuze mpaka harufu ya ziwa itoke na harufu ya kuchoma ije, hapo ondoa haraka, ukiacha itakuwa chungu. Unga wa muhindi ukoroge kwanza na maji baridi, halafu ndiyo uweke motoni, na usiuache ukatoka kwenda kuongea mulangoni. Ukishachemka vizuri, kwaruza nyanya na kitunguu kidogo ndani, weka ule unga wa samaki, kijiko kimoja cha karanga zilizosagwa mpaka zikawa laini, maana karanga nzima zinamukaba mutoto, na mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese, kijiko kimoja. Chumvi ni ya ncha ya kidole tu. Uache uive mpaka mafuta yapande juu na kuchora miviringo myekundu. Ukiondoa motoni, kamulia matone mawili ya ndimu. Hayo matone ndiyo yanayomaliza harufu inayokutisha.

Na uji uwe muzito. Ukiinua kijiko ubaki kwenye kijiko. Ninyi mama za siku hizi mnapika maji yenye rangi, mutoto anajaa tumbo na baada ya saa moja analia, mnasema anadeka.

Asubuhi akitaka utamu, mupe, lakini sukari uiache dukani. Ponda ndizi iliyoiva mpaka ganda limekuwa jeusi, au kiazi kitamu cha kuchemsha, au malenge, uchanganye kwenye uji wa moto. Vipande vya mchaichai vichemshe kwenye maji kabla ya unga, uvitoe, utasikia nyumba inanukia hata bwana wako atauliza nani anaoa. Siku nyingine pasua yai, lipige, limimine polepole uji ukiwa unachemka na weye unakoroga, liive kabisa. Siku nyingine lengalenga, mchicha, iliyokatwa ndogo sana. Unga ukiloweka tangu jana unapata uchachu kidogo, na kuna watoto wanaopenda uchachu kuliko kitu chochote. Vinkubala pia, wale viwavi wa kukaushwa, uwasafishe, uwakaange, uwatwange, wanakaa vizuri mahali pa samaki. Lakini ladha moja kwa siku, usimumwagie soko lote kwenye kisahani. Ulimi wa Hénoc umezoea sukari, siku mbili tatu atatema. Usimushike pua, usimulazimishe. Onja weye mbele yake, furahia kweli, umupe tena kijiko kimoja, ungoje. Kidogo kidogo, mara tano kwa siku, na endelea kumunyonyesha.

Dada Danielle, mwambie asante kwa maombi. Kuomba ni kuzuri, minye naomba kila siku. Lakini muntu anayekaa juani siku tatu anafukuza nzi kwenye samaki za mujukuu, usikubali jina lake litiwe uchafu kwa sababu ya ulimi wa mutoto. Hayo ya haiko bule yamefukuza mabibi wazee wengi kwenye nyumba zao, na ukiliacha neno hilo likue, samedi utamufungulia mama mukwe mulango huku unamuogopa. Lifie kwako.

Sasa lililo la haraka kuliko uji. Usingoje vendredi. Kesho asubuhi mupeleke Hénoc kwa yule muuguzi, umwambie ulimudanganya, samaki hajala, karanga hajala, amekula sukari. Atakukaripia. Ukaripiwe, hakuna aliyekufa kwa kukaripiwa. Lakini ukimuacha na uongo wako atatafuta ugonjwa mahali usipo, na kama kweli upo mahali pengine, atakosa kuuona. Akisema damu itolewe, itolewe. Na ukiona miguu ya mutoto inavimba, au ana homa, au anahara, au analegea hataki hata kunyonya, usimalize kusikiliza redio, nenda saa hiyo.

Samedi sasa. Mama Georgette akishakunywa maji na kupumzika, mukalishe kwenye kiti kizuri, weye kaa chini, umuwekee kopo mikononi na mwiko juu yake. Mwambie hivi: “Mama, sikujua kuupika, niliona haya kukuuliza, nikakudanganya. Nifundishe.” Usianze na Danielle, usianze na Dan, usiseme mutoto alikataa. Anza na nikakudanganya. Ataumia. Sisi wamama wa zamani tukiumia hatutukani, atafungua kopo anuse na hatakutazama. Kaa hapo hapo chini, usikimbilie kuosha vyombo. Kisha atasimama kuwasha moto, maana mujukuu iko na njaa na hilo linapita hasira. Uangalie mikono yake yote miwili, uone anatia nini na anatia saa gani, hata kama ni kinyume na nilivyokwambia minye.

Na hadithi ya bata umwambie mwenyewe, asiisikie kwa Stéphanie. Nenda kamuombe Stéphanie bata mumoja, hawezi kukukatalia, umupike muzuri na umutengee mama mukwe wako paja. Mwambie ni samaki wake amerudi. Kama hatacheka siku hiyo, atacheka akiwa njiani kurudi ziwani.

Dimanche itakayofuata, akiwa amerudi kwake, atakupigia simu mukitoka kanisani, kama kawaida yake, kuuliza kama mutoto anakula. Utamujibu maneno yale yale uliyokuwa unamujibu siku zote, na kwa mara ya kwanza utaacha simu karibu na kinywa cha Hénoc ili asikie mwenyewe.

Nkambo Bibiane