Chupa Tano za Kahawia

Chuoni,
Februari 21, 2026.

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, goti limekuachia kidogo na funga inakwenda vizuri. Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio hautulii. Dada Hajra, wewe unayemsomea, salaam kwako pia. Soma polepole, na pale Kiswahili changu cha chuoni kitakapomchosha mama, mgeuzie kwa Kimwera. Usiruke mstari hata mmoja, hata ukifika mahali utakapotamani kuruka.

Barua ameibeba Mwalimu Yasini wa Mtua, aliyekuwa huku masomoni. Ningeweza kupiga simu, lakini simu nimeshaitumia vibaya, na jambo hili nataka lisomwe mbele ya watu.

Mama, ukiulizwa hapo Nambilanje ninafanya kazi gani, nasikia unasema nafundisha madaktari. Mimi naosha chupa. Wanafunzi wakimaliza majaribio yao maabarani, mimi na mkubwa wangu, Bi Valentina, tunakusanya mabaki. Tindikali mahali pake, vya kuwaka moto mahali pake, kila dumu na lebo yake, kisha tunavifungia stoo mpaka vipelekwe kwenye tanuri la kuchomea taka. Hakuna kinachomwagwa kwenye sinki. Chupa tupu husuuzwa mara tatu, na hata maji ya kusuuzia ni taka. Halafu huvunjwa, asije mtu akazitamani.

Mimi nilizitamani. Stoo ile ina kidirisha upande wa magharibi, na alasiri jua likiingia, chupa za kahawia huwa na rangi ya asali. Unanijua mimi: tangu utoto ukinituma maji nasimama njiani kuangalia mawingu mpaka nasahau ndoo. Siku hiyo nilisimama na chupa mkononi nikawa sipo tena chuoni. Nipo shambani kwetu, ufuta umechanua, nyuki wanavuma, wewe na jirani yako mama Sikudhani mnapalilia huku mkiimba, na sauti zenu zinakuja na kupotea na upepo. Niliporudiwa na akili, Bi Valentina alikuwa ameshaondoka, nami nimesuuza mara moja tu. Ndani ya chupa palibaki utando mweupe. Nikadhani ni chumvi ya maji yetu ya bomba. Nikabandua lebo kwa maji ya moto, nikazifunga chupa tano kwenye khanga. Kwenye daftari la taka nikaandika kwamba zimevunjwa, nikatia sahihi.

Nilikuletea chupa hizo Idd ya kuchinja, ukafurahi mno. Ulisema kifuniko kinakaza, mdudu hapiti. Mbegu ya ufuta ambayo miaka yote uliitia kwenye kibuyu na majivu, ukaining'iniza juu ya moshi wa jiko, safari hii ukaitia kwenye chupa za mwanao msomi. Na mbegu ile si yako peke yako; nyumba sita hapo kitongojini hupanda kutoka mkononi mwako, kama zilivyopanda kutoka mkononi mwa bibi.

Januari mvua ikaja vizuri, mkapanda, ufuta haukuota. Hajra ndiye aliyenipigia. Alisema siku ya kugawa mbegu goti lilikuwa limekubana, kwa hiyo mama Sikudhani ndiye aliyefungua chupa na kuwapimia watu. Basi maneno yakaanza kwamba mkono wake una nuksi, kwamba hata waume wawili aliwazika. Wewe mama ukaacha kuitikia salamu yake. Juzi nikasikia kwamba Ramadhani hii kila mmoja anafuturu kwake, ninyi mliofuturu mkeka mmoja tangu sijazaliwa, na kwamba anafunga mizigo ahamie Nanganga kwa mwanawe Abdalah.

Mama, mkono wa mama Sikudhani hauna kosa. Chupa zile zilikuwa za fomalini, dawa ya kuhifadhia vyura na samaki waliokufa wasioze. Ule utando ni dawa yenyewe iliyoganda. Ndani ya chupa iliyofungwa hutoa mvuke kidogo kidogo, na mvuke huo unaua. Mbegu zenu zilifia humo.

Na sasa, Hajra, usiruke. Nilijua tangu Novemba. Bi Valentina alinionyesha utando ule ule kwenye chupa nyingine, akanieleza madhara yake. Ningepiga simu siku ile, mngetafuta mbegu nyingine. Niliogopa kufukuzwa kazi, na zaidi niliogopa utaacha kunisifia. Nikakaa naota mchana kweupe kwamba zimeota. Hajra aliponieleza habari za mama Sikudhani, nilimjibu kwamba kweli wapo watu wenye mikono ya nuksi. Nilisema hivyo juu ya mwanamke aliyenibeba mgongoni ulipolazwa Nachingwea. Naona aibu, mama.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Jumatatu nilimwambia Bi Valentina yote. Jambo la kwanza aliuliza kama kuna mtu aliyekula mbegu zile. Ndiyo sababu ya simu yangu ya siku hiyo, Hajra, nilipokuambia mfunge chupa na mbegu zilizobaki kwenye gunia. Nilishukuru uliposema hakuna aliyeonja, maana mama hali mbegu. Msiwape kuku, msichome, msitupe kisimani. Jumamosi ijayo nitakuja na Bi Valentina kuzichukua. Kama bado nitakuwa na kazi baada ya hapo, sijui.

Mwalimu Yasini amebeba pia mbegu kilo nane nilizopata kwa wenzetu wa kilimo. Mkiwahi, bado hupandika. Naomba mama Sikudhani aitwe kabla hajapanda gari la Nanganga, na nyumba sita ziwepo, barua isomwe yote. Kisha mfuko afungue yeye, na mbegu agawe yeye.

Nisalimie mjomba Rahimu na wote wanaoniulizia. Kwa mama Sikudhani sithubutu kuagiza salamu. Nitamwamkia mwenyewe Jumamosi, mlangoni kwake, na asipoitikia nitaketi hapo hapo chini nimwamkie tena.

Mwanao,
Samia